Kushtaki askari pale IPOA: nyota tatu kati ya tano

Vijana wa stage yetu ya bodaboda huniuliza maswali yale yale, kwa hivyo nianze na majibu. Ndiyo, ni bure. Hapana, huhitaji wakili. Ndiyo, utaongea Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Ofisi kuu ya IPOA, ile mamlaka huru ya kuchunguza makosa ya polisi, iko ACK Garden Annex, 1st Ngong Avenue, mtaa wa Community, Nairobi. Asiye na nauli apige 1559, haikati pesa.

Mimi ni katibu wa stage ya boda huku Eastlands. Nilienda pale kumsindikiza kijana wetu aliyevunjwa mkono kwa rungu usiku akitoka kushusha abiria. Askari alitaka kitu kidogo, kijana hakuwa nacho. Kwanza tulipitia kituo cha polisi, na sitakitaja. Aliyekuwa kaunta alifungua OB, kile kitabu cha kuandikia matukio, akashika kalamu, akauliza, "Nani amekupiga?" Aliposikia ni askari, kalamu ikarudi mezani. "Jina lake?" Hatukuwa na jina, kwa sababu yule askari alikuwa amevaa jaketi juu ya sare. "Sasa niandike nini, kijana?" Sheria inasema wazi kwamba askari mwenye sare lazima jina lake au nambari yake ya kazi ionekane. Jaketi moja lilitosha kuifuta sheria hiyo.

Pale Community mambo yalikuwa tofauti, na hapa ndipo nyota zote tatu zinatoka. Mama aliyetupokea hakumuuliza kijana alikosa nini hadi apigwe. Alimuuliza taa ya barabarani ilikuwa inawaka au imezimika. Rungu lilikuwa mkono gani? Alikuwa amevaa reflekta? Pikipiki ilikuwa imezimwa au inanguruma? Mwenzake kijana alikuwa ametuma nambari ya gari la polisi, ile ya GK ya magari ya serikali, kwenye grupu yetu ya WhatsApp usiku ule ule. Mama huyo hakutaka kuambiwa tu. Alitaka simu yenyewe, aone ujumbe na saa uliyotumwa. Akaandika maelezo yote, kisha akamsomea kijana polepole. Kijana akamkatiza: "Hapana, madam, alinipiga kutoka upande wa kulia." Mama akakata, akaandika upya, akamsomea tena, ndipo kijana akatia sahihi. Tukapewa nambari ya faili. Nimekaa na watu wengi kwenye madawati ya serikali jijini hapa, na sijaona mtu wa hali ya chini akisikilizwa namna hiyo.

Kwenye ngazi kijana aliniuliza, "Katibu, hawa nao si ni serikali tu?" Ni serikali, ndiyo, lakini si polisi. Waliundwa kwa sheria ya 2011 wakaanza kazi 2012. Mtu akifa au akiumizwa vibaya mikononi mwa polisi ni lazima wachunguze, hata kama hakuna aliyeshtaki. Hukumu yao ya kwanza ilikuja Februari 2016, maafisa wawili walipofungwa miaka saba kwa kumuua Kwekwe Mwandaza, msichana wa miaka 14 aliyepigwa risasi kwao Kinango, Kwale, mwaka wa 2014. Na Juni 2025, mwanablogu Albert Ojwang alipofia kituo cha polisi cha Central hapa mjini, polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Wapasuaji wa maiti wakakuta majeraha yasiyoweza kuwa ya kujigonga. Uchunguzi wa IPOA ukawafikisha maafisa mahakamani kwa shtaka la mauaji, akiwemo mkuu wa kituo.

Hata hivyo, ukilinganisha na malalamiko yanayopokelewa, hukumu ni chache mno. Sababu moja imo ndani ya sheria yenyewe, na ndiyo iliyonifanya nipunguze nyota ya kwanza. IPOA haiwezi kumshtaki mtu. Ikimaliza uchunguzi, faili inaenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ikiwa ni suala la nidhamu tu, pendekezo linarudi kwa polisi wenyewe na tume yao. Tena ushahidi mkubwa, yaani OB, orodha ya waliokuwa zamu, kitabu cha silaha, hukaa kituoni, chini ya wenzake mshukiwa.

Nyota ya pili naipunguza kwa sababu ya Josephat Mwenda. Hakuna mwendesha boda wa umri wangu asiyelijua jina hilo. Alikuwa mwenzetu, akapigwa risasi na afisa aliyemsimamisha barabarani, akaenda kulalamika IPOA kama sisi tulivyoenda. Badala ya kupumzika akabambikiwa kesi. Juni 2016, wakitoka Mahakama ya Mavoko, yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa. Miili yao ilipatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Wauaji walitiwa hatiani Julai 2022, na Februari 2023 Fredrick Leliman, afisa yule yule aliyelalamikiwa, akahukumiwa kifo. Haki ilipatikana, lakini Mwenda hakuwepo kuiona. Kijana wetu baada ya kutia sahihi alirudi kwenye barabara ile ile. Kulinda mashahidi ni kazi ya shirika lingine kabisa. Mimi nataka ulinzi ujadiliwe siku ile ile maelezo yanapoandikwa, mtu akiwa bado ameketi kwenye kiti.

Binamu yangu anayeishi Minneapolis, Marekani, huniambia tatizo la kwao ni chama cha wafanyakazi cha polisi. Derek Chauvin, askari wa huko aliyemuua George Floyd mwaka wa 2020, alikuwa na malalamiko zaidi ya 15 kwenye rekodi yake na bado alikuwa kazini. Kule mikataba ya vyama huwapa maafisa waliofutwa nafasi ya kukata rufaa kwa msuluhishi, na wengi hurudishwa. Jimbo la Maryland lilikuwa na sheria maalum ya kuwakinga maafisa kwenye kesi za nidhamu tangu 1974, ikafutwa 2021 tu. Hapa Kenya polisi hawana chama. Katiba, kifungu cha 24, inaruhusu haki hiyo ibanwe kwao. Lakini ukuta tumeukuta pale pale kaunta, bila chama chochote. Kwa hivyo sikubaliani na wanaosema chama ndicho chanzo cha yote. Kikosi kazi cha Jaji Maraga kilieleza 2023 hali mbovu ya makazi ya askari, na mimi ningefurahi wapate wa kuwatetea kwa nyumba na mshahara. Ila nidhamu ya aliyempiga raia isifike kwenye meza hiyo ya majadiliano. Na askari wanaosoma hapa wajue: sheria inaruhusu hata wao kupeleka malalamiko yao IPOA.

Ukienda, beba karatasi za hospitali na picha za majeraha zikiwa bado kwenye simu iliyozipiga. Nenda na shahidi aliyeona, si aliyesimuliwa. Nambari ya gari iandikwe papo hapo, itumwe kwa mtu, ili saa ibaki kwenye ujumbe. P3, ile fomu ambayo daktari hujaza majeraha yako, ni bure, na hutolewa na polisi. Sisi tuliipata kituo kingine baada ya kile cha kwanza kutukatalia. Nambari ya faili mpe mama yako au katibu wako naye aiweke. Faili ya kijana wetu bado inachunguzwa, na wakiita, tutaenda tena.