Dada wa kazi akiugua: Dar es Salaam au Nairobi?
Dada wa kazi wa Dar akiamka na homa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa, akishatimiza miezi sita kazini, siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Yaya wa Nairobi, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, husubiri miezi miwili tu kazini, kisha kwa mwaka hapati chini ya siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu. Piga hesabu ya miaka mitatu: 42. Pengo si dogo.

Msiba nao? Dar kuna siku 4 zenye malipo, hata mwanawe akiugua. Nairobi, mara nyingi hukatwa kwenye likizo ya mwaka.

Kote wanataka cheti cha daktari, na hapo ndipo mambo hukwama. Anaugua huku mtoto yuko mgongoni, na nauli ya zahanati anaiomba kwa bosi huyohuyo. Mimi ningechagua ya Dar, ila iandikwe kwenye mkataba, maana ile "pumzika kidogo, dada" huisha saa nne asubuhi, vyombo vikishajaa kwenye karo.