Woka ya mama na breki iliyolia bila kukamata

Yule kijana hakumwamkia mama yangu. Naanza na hilo kwa sababu kila nikijaribu kuanza na bei au magurudumu ya woka tuliyomnunulia mama, kile kifaa cha kushikilia unapotembea, najikuta narudi palepale. Mama ana miaka sabini na kitu. Ameshuka kwenye bajaji kwa taabu, amevuka kizingiti cha duka huku kashika bega langu, na kijana wa umri wa mjukuu wake akatutazama, akaniuliza mimi: "Mgonjwa wako ana kilo ngapi?"

Mama akamjibu, "Mgonjwa ana masikio, mwanangu."

Kijana akacheka kidogo, akaendelea kuongea na mimi.

Tulikwenda kutafuta woka ya magurudumu manne, ile yenye breki za mkononi na kikalio katikati. Mama alianguka bafuni mwaka jana, akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji. Hospitali walimrudisha nyumbani na fremu ya aluminiamu isiyo na magurudumu: unainyanyua, unaitua, unapiga hatua, unainyanyua tena. Fremu ile ilimsimamisha, siisemi vibaya. Lakini kadiri miguu ilivyopata nguvu, mikono ndiyo ikawa inachoka. Kutoka kitandani mpaka uani ilikuwa safari ya kupumzika mara tatu. Dada wa fiziotherapia, wa mazoezi ya viungo, aliyekuwa akimfuatilia akasema sasa mwili umetulia, haegemei tena kwa uzito wote, anaweza kuhamia kwenye ya magurudumu. Akatuonya kwamba si ya kila mtu. Mzee ambaye bado anajitupa mbele kutafuta pa kuegemea, kitu chenye magurudumu manne kitamkimbia. Huyo afadhali abaki na fremu, au atafute ile yenye magurudumu mawili ya mbele tu.

Halafu akatupa masharti. Aende mwenyewe dukani. Avae viatu anavyovaa kila siku. Asimame wima ndani ya woka, mikono ining'inie, na mishikio ije usawa wa kifundo cha mkono, pale unapofunga saa. Ajaribu kutembea, ajaribu kukaa. Sisi tukaondoka na masharti yote kichwani, tukafika dukani, na zaidi ya mama kwenda mwenyewe, hakuna hata moja lililotekelezwa.

Mama alipotaka kusimama ajaribu, kijana akasema, "Bibi akae tu, napima kwa macho." Akaivuta woka kwenye nailoni, akakaza skrubu za mishikio mwenyewe. Nikamwonyesha nyingine iliyoegeshwa nyuma, yenye magurudumu makubwa kiasi cha inchi nane, nikamwambia mtaani kwetu ni mchanga. Akaniuliza, "Kwani huyu anakwenda wapi? Si wa ndani tu?" Huyu. Mama yuko pale kwenye benchi, hatua mbili kutoka alipo, mkoba wake mapajani, na yeye ni "huyu". Nilipaswa kuondoka dakika ile. Sikuondoka. Jua lilikuwa kali, dereva wa bajaji alikuwa anapiga honi, na mama alishachoka. Nikatoa laki tatu na elfu ishirini, nikapewa risiti.

Nyumbani ni Mbagala, Dar es Salaam. Anayeijua Mbagala ya ndani anajua mchanga wake. Yale magurudumu madogo ya mbele yakishazama yanageukia ubavu, na mama inabidi avute nyuma kwanza ndipo aende mbele. Mishikio ilikuwa juu mno, akawa anatembea mabega yamepanda mpaka masikioni. Hilo nilirekebisha mwenyewe jioni moja, nikashusha vitundu viwili kila upande, mabega yakashuka. Mlango wa choo haukuwa na dawa. Woka ina upana wa sentimita 63, mlango una 60, basi chooni bado anaingia na fremu ya zamani. Hayo yote ningeyavumilia, na kusema kweli nilikuwa nimeshayavumilia.

Breki sikuivumilia.

Zile breki ukizivuta juu, zinapunguza mwendo. Ukizisukuma chini, zinafunga, na unasikia mlio, kak. Ukitaka kukaa unafunga zote mbili, unageuka, unarudi nyuma mpaka miguu iguse kikalio, unashika mishikio, ndipo unashuka. Mama alifundishwa hivyo na alifanya hivyo, nina shahidi, maana mama muuza genge alikuwa anamwangalia. Ilikuwa asubuhi, siku chache tu baada ya kuinunua. Akafika gengeni, kwenye kile kibaraza cha saruji, akafunga breki kulia, kak, kushoto, kak. Akageuka. Akakaa. Woka ikateleza, ikamwacha.

Aliangukia gunia la viazi. Pembeni ya gunia kulikuwa na jiwe la kuzuilia meza. Kila nikipita pale naliangalia lile jiwe.

Mtoto alikuja mbio kuniita. Nimefika, mama ameshainuliwa, ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, kanga yake ina vumbi la viazi. Nikamgusa nyonga, nikamgusa mgongo. Akanishika mkono, akasema, "Sijaumia. Nimeaibika." Sikumbuki lini mara ya mwisho mama alisema neno hilo.

Kesho yake nikairudisha dukani, peke yangu. Kijana hata hakuniacha nimalize. "Wazee hawajui kufunga breki." Nikaifunga mbele yake. Kak, kak. Nikaisukuma kwa kidole kimoja, ikaenda mpaka ikagonga meza yake. Akachukua risiti yangu mkononi, akanionyesha chini kabisa: mali ikishauzwa haitarudishwa. Nikamwambia hii si gauni lililonibana, hii ni breki. Akasema hata ingekuwa kitu gani, utaratibu ndio huo. Bosi wake alikuwa pale ndani anahesabu pesa. Hakuinua macho.

Nilipiga kelele. Watu wa duka la jirani walitoka kuangalia. Niliondoka na woka yangu kichwani natetemeka.

Usiku ule nilisoma kuhusu hizi woka mpaka simu ikaisha chaji, na nilichokisoma kilinizidishia hasira. Aliyeibuni ya namna hii ni mwanamke wa Uswidi, Aina Wifalk, mwaka 1978. Mwenyewe aliugua polio akiwa kijana, na kutembea kukawa kazi. Kumbe kitu hiki kimetoka kichwani mwa mtu aliyejua uchovu wa mikono, aliyejua mtu akitembea anahitaji mahali pa kukaa kabla hajafika. Mishikio inayopanda na kushuka, kikalio, breki, vyote vipo kwa sababu yupo mtu aliyewaza mwili wake mwenyewe. Halafu kinakuja kuuzwa na kijana asiyetaka hata kuuangalia mwili wa atakayekitumia.

Sasa nimseme fundi, maana huyu anastahili.

Kwenye kona yetu kuna fundi baiskeli, anakaa chini ya mwarobaini. Mama ndiye aliyesema tumpelekee, mimi nilikuwa nimeshaifungia woka stoo. Tukaenda pole pole, yeye na fremu yake, mimi nasukuma woka. Fundi alipotuona akaweka spana chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akainama kidogo: "Shikamoo mama." Marahaba. Akamvutia kiti. Halafu akamuuliza yeye, siyo mimi: "Mama, mkono gani una nguvu zaidi? Ukikaa unapenda kuanza kushika upande upi?" Mama akamweleza. Walizungumza wao wawili kama dakika tano, nami nimesimama pembeni na hasira zangu.

Fundi akafunga breki, kak. Akachana kipande cha gazeti, akakipitisha kati ya kile kipande kinachobana na gurudumu. Kikapita. Akakivuta, kikatoka bila hata kuchanika. Akatuonyesha kile kikaratasi. "Breki haigusi, mama. Inalia tu, haikamati." Waya ulikuwa umelegea tangu ulikotoka, wala haujawahi kukazwa. Wa kushoto ulikuwa umekunjwa vibaya kwenye boksi, nyuzi mbili zimeshakatika. Akaung'oa, akaweka waya wa breki ya baiskeli, akauvuta kwa koleo, akakaza nati. Upande wa kulia alikaza tu. Akarudisha kikaratasi, akafunga breki, akavuta: kikachanika katikati. Ndipo akaenda mbele ya woka, akaishika, akasema, "Kaa mama, taratibu, mimi nipo." Mama akakaa. Fundi akaachia mikono. Woka haikusogea hata kidogo.

Elfu nane, waya na kazi. Mama alimwongezea elfu mbili kutoka kwenye mkoba wake na akakataa mimi nilipe.

Kwa hiyo woka yenyewe ni nzuri au mbaya? Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeshaamua kuwaambia msiinunue. Lakini mama sasa anatoka kila asubuhi. Anajikokota kwenye mchanga mpaka gengeni, anafunga breki, anakaa, anachagua mchicha wake fungu kwa fungu, anauweka kwenye kile kikapu cha chini, anapiga soga mpaka jua likolee. Miezi yote ile mchicha nilikuwa namletea mimi, na sasa ananiambia nilikuwa namletea ulionyauka. Juzi alikwenda msibani nyumba ya tatu bila kumwambia mtu. Kitu kinachomfanyia mama hivyo nitakiitaje kibaya? Ni kizuri. Tena nasema ni kizuri sana.

Halafu nakumbuka jiwe la gengeni, na uzuri wote unaniondoka. Ni kizuri kwa sababu fundi wa elfu nane alifanya kazi ya duka la laki tatu. Na kama mzee wako hakai karibu na fundi? Na kama siku ile gunia lilikuwa limeshauzwa? Basi mnaokwenda kununua, chukueni kipande cha gazeti mfukoni. Fungeni breki palepale dukani, pitisheni karatasi, vuteni. Ikitoka nzima, hiyo breki ni mlio tu. Mkiwa na mchanga kama wetu msikubali magurudumu madogo hata muuzaji aseme nini, na pimeni mlango wa choo kabla hamjatoka nyumbani. Mimi kila Ijumaa naijaribu kwa karatasi, waya mpya huwa unalegea siku za mwanzo. Na msimkalishe mtu juu yake mkamsukuma kama kiti cha magurudumu. Wajukuu walijaribu kwangu, nikawafokea. Ile ni ya kutembelea.

Kuhusu duka nilishasema sitalikanyaga tena, na nimewaambia ndugu wote. Lakini tangu juzi mama ana jipya. Zile raba za chini ya miguu ya fremu yake ya chooni zimelika, moja imeshatoboka mpaka chuma kinagusa sakafu, kinateleza. Nikamwambia nitazitafuta mahali pengine. Akasema hapana, anataka twende kulekule, na anataka kwenda na woka yake, na safari hii hatashika bega la mtu. Nikamuuliza, "Mama, kwa yule kijana?" Akasema, "Kwa yule yule. Nataka nisimame mbele yake, nione ataanza na nani."

Bajaji imeshaambiwa, Jumamosi asubuhi. Raba nimeelezwa ni elfu chache tu. Mama ameniomba nisiseme neno lolote tukifika, nami nimemwahidi, ingawa sijui kama nitaweza.