Keki ya Victoria huko Isamilo: hela haipotei, ila chai mh!

Mkahawa uko njia ya kupandia Isamilo. Jina lake nalistiri kwa sababu ya chai, nitafika huko. Kilichoniingiza ni ubao wa chaki mlangoni: "Keki ya Victoria, 4,000". Mwanza tuna ziwa Victoria, tuna meli ya Victoria ya Bukoba, na ukimwambia bodaboda akupeleke Victoria atakuuliza ipi. Ya kula ndiyo naiona hapa.

Ni keki mbili nyembamba zilizobebana, katikati jamu na krimu, juu sukari ya unga. Waingereza waliipa jina la malkia wao, na huumuka kwa baking poda, aliyoibuni Alfred Bird mwaka 1843. Hawa wametia jamu ya nanasi, na wamepatia: uchachu wake unakata utamu. Keki ni laini, haikwami kooni, siagi unaisikia. Krimu huanza kulegea joto la mchana likipanda, kwa hiyo wahi asubuhi.

Binti anayehudumu akaniuliza, "Shikamoo mwalimu. Hivi huyu Victoria ni wa ziwa au wa meli?"

Marahaba mwanangu, ni huyohuyo. Speke alipofika Mwanza mwaka 1858 alilibandika ziwa jina la malkia, na wenyeji walikuwa na majina yao tayari. Ila hata malkia jina alilikuta: Warumi walikuwa na mungu wa kike wa ushindi, Victoria. Wagiriki wakamwita Nike, ndiye huyo wa kwenye raba zako. Akainama kuzitazama. Nikaona nimepata darasa. Kuna yungiyungi la Amazon, jani lake lina upana unaozidi mita 2: Victoria. Mji mkuu wa Shelisheli: Victoria. Hata kati ya Mirihi na Mshtarii kuna jiwe linalozunguka jua, John Russell Hind aliliona mwaka 1850 akaliita Victoria. Wenzake wakanuna kwamba vitu vya angani havipewi majina ya watu walio hai. Naye akasema, aa, ni yule mungu wa Kirumi. Mjanja huyo!

Sasa chai. Maji vuguvugu, kifuko cha majani pembeni, tangawizi hamna, na wanataka 2,000. Nunua keki ufungiwe, chai kanywe kwa mama ntilie wa chini barabarani. Jumapili keki huisha watu wakitoka kanisani, agiza Jumamosi.