Google Forms kama pazia: wazo la mtu usiyempenda linapata haki yake?

Mtu akisimama kuzungumza kikaoni, jina lake hufika kabla ya wazo lake. Kama ni mtu anayekukera, hajamaliza sentensi ya kwanza na jibu la kumpinga limeshaiva kichwani. Methali inatuambia tukipenda boga tupende na ua lake. Vikaoni mambo huenda kinyume, boga likichukiwa na ua linatupwa. Ndiyo maana kumshauri mtu awe na akili pana hakusaidii sana, ni kama kumwambia asisikie harufu. Afadhali kupanga kazi ili wazo lifike mezani peke yake, jina lifuate baadaye au lisifuate kabisa. Hapa tunaipima Google Forms, zana ya Google ya kutengeneza fomu za mtandaoni, kwa kazi hiyo moja tu: kukusanya na kupigia kura mawazo yasiyo na majina. Uzuri wake kwa mitihani, usajili au mialiko ya harusi haumo.

Kwanza, je, kazi yenyewe inastahili usumbufu? Miaka ya 1980, Vita Baridi ikiwa bado inaendelea, wanasaikolojia Lee Ross na Constance Stillinger waliwapelekea wapita njia nchini Marekani pendekezo la mataifa mawili makubwa kupunguza silaha za nyuklia. Maneno yalikuwa yale yale, kilichobadilishwa ni jina la mtoaji. Kati ya walioambiwa limetoka kwa Rais Reagan wa Marekani, asilimia 90 walisema linaifaa nchi yao au ni la haki kwa pande zote. Walioambiwa ni la wachambuzi fulani tu, asilimia 80. Walioambiwa ni la Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, asilimia 44. Angalia pengo la kati ya 44 na 80: hicho ndicho kipande ambacho pazia linaweza kukirudisha.

Sasa fomu yenyewe. Mwenye akaunti ya Google anaitengeneza bure, na anayejibu hahitaji akaunti yoyote, mradi mipangilio imewekwa sawa. Hapo kwenye mipangilio ndipo wengi wanapoharibu. Cha kwanza ni ukusanyaji wa anwani za barua pepe: uzimwe, kisha fungua kiungo kwenye dirisha la faragha la kivinjari uone kama fomu inafunguka bila kukuuliza uingie. Ukitumia akaunti ya taasisi, kagua mara mbili, kwa sababu fomu inaweza kuwa imefungiwa wanachama wa taasisi hiyo peke yao. Cha pili, usiweke swali la kupakia faili. Swali hilo humlazimisha mtu kuingia kwa akaunti yake, na faili huhifadhiwa likiwa na jina la aliyelipakia; pazia limekwisha. Cha tatu, zima muhtasari wa majibu kwa wanaojibu, la sivyo wa mwisho watapiga kura wakitazama wa kwanza walivyopiga. Cha nne kinasahaulika mno: kila uliyempa ruhusa ya kuhariri fomu anaona majibu yote. Awe mtu mmoja, yaani msimamizi, na kikundi kijue ni nani.

Kuna mpangilio mmoja unaogawanya watu, nao ni ule wa kila mtu kujibu mara moja tu. Ukiuwasha, lazima mtu aingie kwa akaunti. Mwenye fomu haoni anwani ikiwa ukusanyaji umezimwa, lakini kamwambie hivyo mtu mwenye wasiwasi, uone kama atakuamini. Tunapendekeza uzimwe wakati wa kukusanya mawazo na uwashwe wakati wa kura. Mtu akituma wazo lile lile mara tatu, litaonekana na litaunganishwa, hasara hakuna. Akipiga kura mara tatu, matokeo yameoza na hakuna atakayejua.

Swali la "Una maoni gani?" huvuna malalamiko. Weka visanduku vitatu: tatizo ni lipi, lifanyike nini, na tutajuaje baada ya mwezi mmoja kwamba limeshindwa. Kisanduku cha tatu ndicho chenye thamani kuliko vyote, maana wazo lililoandikiwa kipimo cha kushindwa linajadilika hata na mtu asiyelitaka: anabisha kuhusu kipimo, habishi kuhusu mtu. Kisha bana urefu kwa kanuni za uthibitishaji wa majibu, herufi 200 kwa tatizo, 400 kwa pendekezo, 200 kwa kipimo. Mtu anayependa maneno akiachiwa nafasi atajaza ukurasa, na kwa kujaza huko atajulikana.

Na kujulikana ndiko ugonjwa mkubwa wa zana hii. Google Forms inaficha jina, haifichi mtu. Uvujaji wa kwanza uko kwenye lahajedwali la majibu: safu wima ya kwanza kabisa ni muda wa kutuma, hadi sekunde. Kikundi cha watu wanane kinajua nani yuko macho saa saba usiku. Kwa hiyo lahajedwali hilo lisionyeshwe kwa mtu. Nakili maandishi peke yake kwenye lahajedwali jipya, tumia amri ya kuchanganya safu mlalo bila mpangilio, ndipo ulitoe. Kunakili na kuficha safu ya muda hakutoshi, kwani iliyofichwa hufichuliwa kwa kubofya mara mbili.

Uvujaji wa pili ni ulimi wa mtu. Chukua jibu la namna hii:

"Nimeshasema mara mia, watu wanachelewa kwa sababu ratiba inatoka Ijumaa jioni. Itoke Jumatano, mambo yaishe!!!"

Alama tatu za mshangao na ile "mara mia" zimeshamtaja mwenyewe, na nusu ya wasomaji wameshanuna. Msimamizi aliandike upya: "Ratiba itoke Jumatano badala ya Ijumaa jioni. Sababu: wanaoipata Ijumaa jioni hawana muda wa kujipanga." Wazo limebaki, hasira imeondoka. Ila hapa kuna mtego, kwani msimamizi naye ana watu asiowapenda na anaweza kulipooza wazo bila hata kukusudia. Dawa yake: orodha iliyoandikwa upya ikae wazi kwa saa 24, na fomu ndogo ya pili yenye kisanduku kimoja, "Wazo namba ngapi limepotoshwa, na lisomeke vipi?" Mwenye wazo atalitetea bila kujitaja. Kikundi kikiiruka hatua hii, malalamiko ya kwanza baada ya kura yatakuwa "si hivyo nilivyoandika", na kurudia kura ni aibu.

Uvujaji wa tatu hauna dawa. Kuna mawazo ambayo yenyewe ni sare ya timu. Newton na Leibniz walipogombana, wao na wafuasi wao, kuhusu nani aliyetangulia kugundua kalkulasi, wanahisabati wa Uingereza walishikilia uandishi wa Newton, wa kuweka nukta juu ya herufi, kwa zaidi ya miaka mia huku wenzao wa bara la Ulaya wakiandika dx na dy za Leibniz, zilizochapishwa mwaka 1684 na zilizokuwa rahisi zaidi kuzifanyia kazi. Ilibidi wanafunzi wa Cambridge, Charles Babbage, John Herschel na George Peacock miongoni mwao, waunde chama mwaka 1812 ili kuzipigania herufi hizo. Fomu isiyo na jina isingefaa kitu pale, maana ukiona tu d mbele ya x unajua ni ya nani. Vivyo hivyo kikundini kwako: kama pendekezo moja limebishaniwa kwa miaka miwili na kila mtu anajua mwenyewe, usilipitishe kwenye fomu ukajidanganya kwamba limefichika. Liweke wazi, na umwombe anayelipinga alieleze kwa maneno yake mpaka mwenye wazo aseme, "Ndiyo, hilo ndilo ninalosema." Kabla ya hapo, pingamizi lisubiri.

Idadi ya watu nayo ina kiwango chake. Chini ya watano, usijisumbue; watu wanne wanajuana kwa koma. Kati ya wanane na 25 ndipo fomu inapofanya kazi vizuri. Zaidi ya hapo mawazo yanakuwa mengi, kuyaandika upya kunachukua siku nzima, na msimamizi aliyechoka huanza kuunganisha mawazo yasiyofanana ili tu orodha iishe.

Kwa kura, punguza orodha hadi mawazo saba au kumi. Aina ya swali inayovutia wengi ni gridi, mawazo yakiwa safu mlalo na alama 1 hadi 5 zikiwa safu wima, kwa sababu inaweza kuchanganya mpangilio wa safu mlalo kwa kila mpiga kura, na hivyo wazo la kwanza halipati upendeleo wa kuwa la kwanza. Kwenye kompyuta ni safi. Kwenye simu, safu wima za mwisho hutoka nje ya kioo na mtu asiyesogeza pembeni hazioni. Alama za 5 zikipungua ghafla kwenye matokeo, anza kushuku hapo. Njia salama ni maswali ya kipimo cha mstari, moja kwa kila wazo, huku umewasha kuchanganya mpangilio wa maswali. Na usiulize "unalipenda kiasi gani", neno hilo linakaribisha kila kitu tulichokuwa tukikifukuza. Uliza, "Likifanywa, litapunguza tatizo kwa kiasi gani?"

Michoro ya majibu ambayo Google Forms hukutolea ni mizuri kwa macho na hafifu kwa uamuzi. Wazo lililopata 3, 3, 3, 3 na lililopata 1, 1, 5, 5 yote yana wastani wa 3, lakini la kwanza halimgusi mtu na la pili lina jambo ndani yake. Hilo la pili ndilo la kujadiliwa kwanza. Tazama mtawanyiko wa alama kabla ya wastani.

Baada ya kura huja swali gumu la kama majina yafunuliwe, yaani wenye mawazo wajitaje. Yakifunuliwa mapema, wazo linapunguziwa thamani tena kwa sababu ya mwenyewe. Watu hugundua ghafla kwamba wazo walilolipa 5 "lina matatizo ya utekelezaji". Kwa hiyo fomu ifungwe isipokee majibu tena, alama ziandikwe na kusomwa mbele ya wote, na anayetaka kubadilisha alama yake baada ya jina kutajwa aeleze ni sehemu gani ya wazo iliyobadilika. Kwa kawaida hakuna iliyobadilika.

Lakini tusilitukuze pazia kupita kiasi. Jina wakati mwingine ni habari halali. Kutompenda mtu ni kitu kimoja na kutomwamini ni kingine, na fomu inavifuta vyote viwili kwa pamoja. Pendekezo la "ratiba itoke Jumatano" linasimama lenyewe, halihitaji dhamana ya mtu. Pendekezo la "nimeijaribu dawa hii mara kumi na haikushindwa" linasimama juu ya ukweli wa msemaji, na kama msemaji amewahi kukamatwa akidanganya, kikundi kina haki ya kujua. Msimamizi ayatenge: mapendekezo yaende kurani, madai ya ukweli yaende kukaguliwa kwanza, yawe ya kipenzi cha wote au ya mkorofi. Google Forms haina sehemu ya kufanya utengaji huo; ni kazi ya mkono.

Kwa watu wanaoweza kukaa chumba kimoja kuna mshindani asiyehitaji umeme, nayo ni mbinu ya 6-3-5 ya Mjerumani Bernd Rohrbach, ya miaka ya 1960. Watu sita, kila mmoja anaandika mawazo matatu kwa dakika tano, kisha karatasi inasogezwa kwa jirani ambaye anaongeza matatu yake akijengea yaliyopo. Raundi sita, nusu saa, hadi mawazo 108. Mwandiko unamtaja mtu, hilo ni kweli, lakini mbinu hii ina kitu ambacho fomu haiwezi: kufikia raundi ya tatu, unayemkwepa ameshaongeza kitu kwenye wazo lako nawe kwenye lake, na karatasi haina tena mwenyewe mmoja. Kasoro yake ni ubora. Raundi za mwisho watu hujaza nafasi tu.

Uamuzi wetu: kukusanya mawazo, nyota nne kati ya tano. Kuficha mtu, nyota mbili, na hizo mbili ni kwa msimamizi aliyefuata hatua zote za hapo juu. Aliyetuma kiungo na kungojea hapati hata moja. Kupiga kura, tatu, ikipoteza kwa gridi ya simu. Kabla ya kuituma kwa kikundi, jaribu na watu watatu walioahidi kubahatisha nani aliandika nini. Wakipatia zaidi ya nusu, rudi kwenye visanduku na ubane herufi zaidi.