WriterDuet kwa kundi linaloandika filamu fupi kwa Kiswahili: inabeba wapi, inakwama wapi

Tathmini hii inawalenga watu watatu hadi sita wenye wazo lao wenyewe, wasio na bajeti ya maana, wanaotaka kutoka na skripti ya dakika kumi inayopigika. WriterDuet ni programu ya kuandika skripti ndani ya kivinjari. Mnaingia wengi kwa wakati mmoja, kila mtu anamwona mwenzake anavyoandika, na ukurasa unajipanga wenyewe. Toleo la bure linaruhusu skripti tatu, na kuandika pamoja kumo humo humo. Kwa filamu fupi hizo zinatosha: ukimaliza moja, itoe kama PDF na kama Fountain (mtindo wa maandishi matupu, tutaueleza mbele), ihifadhi.

Kwa kazi ya rasimu tunaipa nyota nne kati ya tano. Kwa kazi ya kutafuta wazo tunaipa moja, tena kwa huruma.

Programu ya skripti ina tabia ya kulivalisha wazo bichi suti. Ukiandika mistari miwili ndani yake, herufi za Courier na nafasi zake pembeni zinaifanya ionekane imekamilika, na kundi linaanza kubishania maneno ya sini (tukio la mahali pamoja) ya kwanza wakati hakuna ajuaye hadithi inaishia wapi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ifanyike nje kabisa: kundi la WhatsApp, sauti za dakika moja moja, na mtu mmoja aliyepewa jukumu la kuzisikiliza zote na kuziandika. Asipokuwepo huyo, baada ya siku tatu mawazo mazuri yamezikwa chini ya salamu na picha za sherehe.

Wazo likishapatikana, liandikwe kwa sentensi moja isiyozidi maneno thelathini, yenye mtu, anachokitaka, kinachomzuia na muda unaombana. Mfano: "Muuza chapati wa stendi, anayedaiwa ada ya mwanawe, anakuta laki tatu ndani ya gazeti la kufungia, basi la mwenye pesa linaondoka baada ya nusu saa." Ondoa ile nusu saa uone kinachobaki. Ni mama amekaa anawaza, na kuwaza hakupigiki picha. Makundi mengi hukwama hapa: yanakuja na mada, tuseme umaskini au usaliti, yanadhani ni hadithi.

Baada ya sentensi, vikadi. WriterDuet ina sehemu yake ya vikadi, lakini watu watano kuinamia laptop moja ni adhabu. Kata karatasi za A4 vipande vinne vinne, bandika ukutani. Filamu ya dakika kumi inahitaji vikadi kati ya nane na kumi na viwili, na kila kimoja kibebe vitu vitatu tu: mahali, nani kaingia akitaka nini, na nini kimebadilika anapotoka. Kikadi ambacho hakuna kilichobadilika kinatoka ukutani, hata kama kimeandikwa na mwenye nyumba mliyokutania. Angalieni pia lokesheni. Zikizidi tatu kwa dakika kumi, siku ya kupiga picha mtaitumia kubeba taa na kusubiri gari.

Hapo ndipo programu ifunguliwe, na hapo WriterDuet inaanza kulipa. Kazi yake kubwa ni kubadili aina ya mstari bila kukusumbua. Ukimaliza maelezo ya kitendo unabonyeza Tab, unaandika jina la mhusika, unabonyeza Enter, uko kwenye mazungumzo. Ndani ya saa moja hata aliyezoea daftari anakuwa ameshika. Kilichofutwa kina sehemu ya kuhifadhiwa, kwa hiyo mtu hang'ang'anii sentensi yake kwa hofu ya kuipoteza. Kwa kundi hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana, maana ugomvi mwingi wa waandishi ni wa kulinda mistari.

Sasa Kiswahili. Programu hizi zimezaliwa kwa Kiingereza na zinatambua kichwa cha sini, yaani mstari unaotaja mahali na wakati, kwa INT. (ndani) na EXT. (nje). Ukiandika NDANI. JIKONI - USIKU, haikisii. Unalazimika kuuchagulia mstari aina yake kwa mkono. Ushauri wetu ni kutopigana na hilo. Andikeni INT. na EXT., mengine yote yawe Kiswahili: INT. BANDA LA CHAPATI - ALFAJIRI. Wapiga picha wa Dar es Salaam na wa Nairobi wamezoea hivyo, na orodha ya sini itajitengeneza bila kasoro.

Shida ya pili ni upana. Safu ya mazungumzo ina takriban herufi 35 kwa mstari, na programu haikati neno. Neno kama "nisingelikuambia" lina herufi 16, karibu nusu ya mstari. Maneno mawili ya namna hiyo yakifuatana, la pili likikosa nafasi linashuka chini, na mstari unabaki na pengo. Ukurasa wa Kiswahili unaweza kujaa ukiwa na maneno machache. Ndiyo maana ile kanuni ya ukurasa mmoja kwa dakika moja ichukuliwe kama makisio. Saa ya simu ndiyo hakimu.

Kuna pia jambo la karatasi ambalo watu hawalioni. Ukubwa wa Kimarekani una urefu wa sentimita 27.9, A4 ina 29.7. Kwa mistari sita kila inchi, A4 inabeba mistari minne zaidi, yaani 58 badala ya 54 ukiacha inchi moja juu na moja chini. Katika kurasa kumi hiyo ni mistari 40, robo tatu ya ukurasa. Mwenzako akichapisha kwa A4 na wewe ukisoma kwa ule mwingine, mtaambiana "ukurasa wa saba" mkiwa mnaangalia sini mbili tofauti. Chagueni A4 kwenye mipangilio siku ya kwanza.

Kwenye simu WriterDuet haifurahishi. Inafunguka, lakini vidole vinagongana na menyu. Kundi ambalo wengi wana simu tu, na mmoja ndiye mwenye laptop, tunalipendekezea Google Docs ikiandikwa kwa mtindo wa Fountain. Huu ni mtindo wa maandishi matupu, uliotolewa mwaka 2012, ambao WriterDuet na programu za bure kama Trelby na Beat zinausoma na kuugeuza skripti kamili. Google Docs inapokea watu wengi kuliko mtakavyowahi kuwa, programu yake ya simu ni nyepesi, na historia ya matoleo inaonyesha nani aliandika nini saa ngapi.

Ila Fountain ina mitego, na kwa Kiswahili inauma zaidi. Mstari mtupu ni lazima uwepo kabla ya kichwa cha sini na kabla ya jina la mhusika. Google Docs huweza kuacha nafasi kati ya aya kwa mapambo tu, macho yanaona uwazi lakini mstari mtupu haupo, na ukihamisha, kila kitu kinaungana uji. Bonyeza Enter mara mbili, daima. Jina la mhusika linatambuliwa kwa herufi kubwa tupu. Ukitaka "MC wa Harusi" weka @ mbele. Bango la dukani ulilolinakili kwa herufi kubwa, HATUKOPESHI LEO, likifuatwa na mstari mwingine papo hapo, programu itadhani ni mtu anayeongea, na utakuta Bwana Hatukopeshi Leo kwenye orodha ya waigizaji. Weka alama ya mshangao mwanzoni mwa mstari huo. Mnaotaka NDANI. na NJE. kwa dhati, wekeni nukta mbele ya neno: .NDANI. JIKONI - USIKU. Mwisho wa sini, "KATA:" haitambuliwi. Anzeni na alama ya >. Na zimeni masahihisho ya kiotomatiki kabla hamjaandika neno la kwanza, kwani kamusi ya Kiingereza ikibaki wazi itawachafulia maneno kimyakimya.

Turudi kwenye kuandika kwa pamoja, ambako ndiko WriterDuet inajinadi. Vishale vitano vikitembea ukurasa mmoja ni vurugu. Mmoja anarekebisha sentensi ambayo mwingine anaifuta, wa tatu anacheka kwenye gumzo la pembeni. Programu haina kosa, inaruhusu mnachokitaka. Utaratibu unaofanya kazi ni wawili kuandika, waliobaki kupewa ruhusa ya kusoma au kuacha maoni, kwa vipindi vya dakika 45, kisha kubadilishana. Na awepo mshika kalamu mmoja mwenye neno la mwisho. Bila yeye, maoni yanarundikana pembeni hadi yanakuwa marefu kuliko skripti, na kila rasimu inajaribu kumridhisha kila mtu. Ukitaka kujua kundi halina mshika kalamu, tazama sini ya mwisho: wahusika wote wanaombana msamaha.

Kasoro ya pili ya mikono mingi ni sauti. Mama muuza chapati anaanza kwa Kiswahili cha Temeke, "nyie mpo?", ukurasa wa nne anasema "nyinyi mko?" kama mtu wa Nairobi, ukurasa wa nane anaongea kama taarifa ya habari. Programu haina kitufe cha kukamata hilo. Gaweni wahusika badala ya sini: katika mapitio ya mwisho kila mwandishi anashika mhusika mmoja, anasoma mistari yake tu kuanzia mwanzo, anainyoosha. Kazi ya saa moja hivi kwa kurasa kumi.

Halafu salamu. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, watoto hawajambo. Soma kwa sauti ukiwa na saa: nusu dakika imekwenda na hadithi haijapiga hatua. Filamu ya dakika kumi yenye sini tatu za kubisha hodi imepoteza zaidi ya dakika moja. Kanuni ya haraka ni kuingia kwenye sini watu wakiwa wameshakaa. Lakini msizifute zote, maana kwetu salamu ni silaha: kijana asiyempa mzee shikamoo, au mzee anayeichelewesha marahaba, ameshasema jambo ambalo mwandishi wa lugha nyingine angehitaji ukurasa kulieleza. Salamu ibaki pale inapobeba ugomvi.

Rasimu ikifika mwisho, ichapisheni na kuisoma mezani. Watu wasioiandika wasome wahusika, mmoja asome vitendo, mwingine ashike saa. Waandishi wanyamaze, kalamu mkononi, wakiweka alama palipo na mwigizaji aliyejikwaa, msikilizaji aliyegusa simu, na mstari uliohitaji maelezo. Skripti ya kurasa kumi ikitumia dakika kumi na tatu, msikate neno moja moja. Toeni kikadi kizima.

Kuhusu haki, WriterDuet na Google Docs zinawasaidia kwa ushahidi wa nani aliandika nini, basi, haziwagawii umiliki. Sheria ya hakimiliki hailindi wazo lililobaki mdomoni, inalinda lilivyoandikwa. Kwa hiyo kabla ya rasimu ya kwanza andikeni karatasi moja: majina yatatokeaje, mapato yatagawanywa vipi, na aliyejiondoa katikati anabaki na nini. Sainini wote. Tanzania usajili wa kazi uko COSOTA, Kenya uko KECOBO, ambazo ndizo ofisi za hakimiliki za nchi hizo. Tena kwa Tanzania, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kupiga picha, kwa hiyo tengeni muda wa Bodi ya Filamu kwenye ratiba. Msiukumbuke waigizaji wakiwa wameshapakwa poda.

Je, mlipie? Kwa filamu fupi, hapana. Wanaohofia umeme na mtandao, mshika kalamu atumie WriterSolo, ndugu yake WriterDuet, inayofanya kazi bila intaneti na kuhifadhi faili kwenye mashine yenyewe. Haina kuandika pamoja, lakini rasimu ya mwisho huandikwa na mtu mmoja hata hivyo. Final Draft, programu nyingine ya skripti, ni ghali na kundi la namna hii halitatumia hata robo yake. Waliozoea Celtx ya zamani ya kupakua wajue ilishahamia mtandaoni kwa malipo ya usajili. Fedha hiyo itoeni nauli kwa waigizaji wanne waje kusoma mezani, na chapati zao.