Daftari la maamuzi: karatasi safi, mawaidha mengi mno

Linauzwa kama njia ya kuchagua maisha yenye mafanikio na ya kuridhisha. Jalada ni gumu, karatasi nzito, wino haupenyi. Kila ukurasa wa kulia umegawanywa kwa mstari katikati: huku sababu za kukubali, kule za kukataa.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1772 Benjamin Franklin, mwanasiasa na mvumbuzi wa Marekani, alimwandikia rafiki yake mwanasayansi Joseph Priestley, aliyekuwa akiwaza kama akubali kazi mpya, akamshauri ajaze safu hizo kwa siku tatu au nne, kisha afute sababu zinazolingana uzito pande zote mbili na kutazama kilichobaki. Hatua hiyo ya kufuta ndiyo roho ya mbinu, na watengenezaji hawakuitaja popote! Mimi naifanya kwa penseli.

Nilipopewa cheo cha usimamizi, safu ya kukubali ilijaa: mshahara, heshima, ofisi yenye mlango. Ya kukataa ilikuwa na mambo mawili tu, jioni na wanangu na kazi yangu ya kuchora ramani. Nikafuta, nikafuta; hayo mawili hayakufutika. Cheo nikakikataa. (Bosi alininunia kwa muda.)

Kero ni kurasa za kushoto, zilizojaa mawaidha ya kukuambia kwamba unaweza chochote. Heri wangeacha nafasi ya kuandika uamuzi ulizaa nini baada ya miezi kadhaa. Naandika pembezoni.

Nyota tatu kati ya tano. Mwenye rula na daftari la kawaida atajitengenezea lake.