Walitaka nilazimishe seva ya pili iwe kuu wakati kuu iko hai!

Nina hasira, na sitaificha. Mfumo wa kunakili data niliouziwa umenishinda kwenye kazi nyepesi kuliko zote: kubadilisha majukumu, seva kuu ishuke, ya pili ipande.

Haikuwa dharura. Seva kuu ilihitaji matengenezo, mtandao ulikuwa mzima, nakala ziko sawa pande zote. Ndiyo maana tunalipia aina hii ya unakili; data haihesabiwi imeandikwa mpaka pande mbili zikiri. Nikasimamisha programu, nikashusha mfumo wa faili (yaani nikautenga na diski), nikabofya "Badilisha". Kiduara kikazunguka weee, mwisho likatokea neno jekundu: "Imeshindikana." Kwa nini? Kimya. DRBD, programu nyingine ya kunakili data kati ya seva, ni ya bure, imo ndani ya Linux tangu 2010, na ukijaribu kuishusha seva wakati diski bado inatumika, inakataa na kukwambia wazi kwamba kuna kitu kimeishikilia. Hapo unajua pa kuanzia. Huku nimelipa, napewa neno moja!

Nikapiga simu. Fundi wa zamu hakuuliza hata seva kuu ina hali gani. "Bosi, kata kiungo kati ya seva, halafu nenda ile ya pili ulazimishe tu." Nikamweleza kuu iko hai na kuna kitu bado kinaitumia diski. "Sasa unataka ifanye kazi au unataka mabishano?"

Jamani! Ukikata kiungo ukalazimisha, unabaki na seva kuu mbili, kila moja inaandika yake bila habari ya mwenzake. Zikikutana tena, kila moja ina historia tofauti, na hakuna kitufe cha kuzipatanisha. Unachagua upande mmoja, yaliyoandikwa upande wa pili unayatupa. Kulazimisha ni kwa siku ambayo kuu imekufa na una hakika imekufa. Mtu anayelipwa kulinda data za watu hajui hili?

Nilimtafuta mkosaji mwenyewe kwa lsof, amri inayoonyesha programu gani imeshikilia faili au diski. Ilikuwa programu ya chelezo, inasoma diski moja kwa moja, kwa hiyo kushusha mfumo wa faili hakukuigusa. Nikaizima, nikabofya tena, seva zikabadilishana papo hapo. Hata faili moja halikupotea, na kusema haki, hapo nilifurahi. Tena kule kukataa kwake kulikuwa sahihi kabisa. Mfumo ulijua diski inatumika, ila haukusema.

Kwa hiyo nilikuwa nawapa nyota tatu. Lakini kuna wateja wangapi wameambiwa "lazimisha tu" wakatii, kwa sababu aliyesema ni fundi? Nikiwaza hilo, mbili nyingi. Nawapa moja, na haiongezeki mpaka "Imeshindikana" iandikwe pamoja na sababu yake, na yule fundi afundishwe kuuliza kwanza kama seva kuu iko hai.